Baridi ya Adams Arcade na Mteremko Unaoigawa Nairobi

Katika soko la Toi, hatua chache kutoka maduka ya Adams Arcade, robota la makoti mazito likifunguliwa mwezi Juni halimalizi siku. Makoti hayo yalishonwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya na Kanada, lakini wanaoyagombania wanaishi kilomita zisizofika 150 kusini mwa Ikweta. Aliyefundishwa darasani kwamba nchi za tropiki ni za joto mwaka mzima ataona pana kasoro mahali. Kasoro haiko Toi.

Jua ndilo husingiziwa kwanza. Tarehe 21 Juni limefika mwisho wa safari yake ya kaskazini, na hata hivyo saa sita mchana, hapa Barabara ya Ngong, linasimama nyuzi 65 hivi juu ya upeo wa macho. London siku hiyohiyo iko katika kilele cha kiangazi chake, na jua lake halipiti nyuzi 62. Kwa hesabu ya jua peke yake, basi, mtu wa Adams angestahili kutoa jasho kuliko wa London. Anayetetemeka kwenye kituo cha matatu anahitaji maelezo mengine, na yako mawili.

La kwanza ni kimo. Kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti Corner, mwendo mfupi tu kutoka Adams, kiko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayopanda hutanuka kwa kuwa shinikizo linapungua, na ikitanuka hupoa. Kwa wastani halijoto hushuka digrii sita hivi kwa kila mita 1,000. Mombasa wastani wa mwaka ni digrii 26 au zaidi kidogo. Toa kumi na kitu, unabaki na hali ya hewa iliyowafanya walowezi wa Kiingereza wadai kwamba nchi hii iliumbwa kwa ajili yao.

Lakini kimo hakibadiliki kati ya Februari na Julai, ilhali baridi hubadilika sana. Hapo ndipo mawingu yanapoingia. Kuanzia Juni upepo wa kusini-mashariki huleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Hewa hiyo husukumwa kuipanda nchi polepole, hupoa, na mvuke wake hugeuka wingu jembamba la chini. Juu ya wingu hilo hukaa tabaka la hewa yenye joto zaidi inayolizuia lisipande, kwa hiyo halikui likawa wingu la mvua kubwa. Linajitandaza tu, siku baada ya siku, likilifunika jua ambalo kwa kweli liko juu vizuri. Mchana halijoto huishia digrii 21 au 22. Usiku hushuka hadi 11 au 12. Nyumba nyingi za Nairobi hazina namna yoyote ya kupashwa moto, ndiyo maana watu hulala na sweta.

Asiyesadiki apande gari la Kiserian na kuendelea hadi Kona Baridi, pale barabara ya Magadi inapoanza kuteremka Bonde la Ufa. Mara nyingi wingu hukatika hapohapo. Hewa ileile iliyopanda kwa shida upande wa Nairobi sasa inashuka, inabanwa, inapata joto, na matone ya wingu yanarudi kuwa mvuke. Kule chini ziwa Magadi liko kwenye kimo cha mita 600 tu, na jua linachoma.

Vilima vya Ngong vyenyewe, vyenye kimo cha mita 2,460, ni masalio ya volkeno iliyokatwa. Upande wake wa magharibi ulizama pamoja na sakafu ya Bonde la Ufa. Wa mashariki ukabaki umesimama. Mpasuko huo uliamua pia maji yaende wapi. Mvua inayonyesha upande wa Adams huingia vijito vya Motoine na Kirichwa, hufika mto Nairobi, kisha Athi, kisha Galana na Sabaki, na kumwagika baharini kaskazini ya Malindi. Inayonyesha ng'ambo ya kilele haina njia ya kufika bahari yoyote. Ikiishia Magadi, hukauka juani, na chumvi zake huongezeka juu ya zile zinazoletwa ziwani na chemchemi za maji moto. Magadi inayotiwa kwenye maharagwe ili yaive upesi inatoka huko.

Kutoka Ngong kuelekea uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta nchi inashuka, si kwa ghafla, ila kwa uthabiti. Dagoretti Corner hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Tambarare za uwanja wa ndege, chini kwa mita 170 hivi, hupata pungufu sana. Tofauti hiyo imejichora ardhini. Juu, majivu na miamba ya volkeno iliyooza imesafishwa na maji yanayopita bila kukwama, silika ikachukuliwa, chuma kikabaki na kuupa udongo rangi nyekundu. Udongo huo hupitisha maji na hauchoki upesi kwa kulimwa. Chini, maji hutuama, yale yaliyooshwa juu hukusanyika, na hutokea udongo mweusi unaonata. Huvimba ukilowa, hupasuka kama kisigino ukikauka. Fundi wa Embakasi anajua kwamba lazima auchimbe wote mpaka afike mwambani, la sivyo kuta zitapata nyufa. Gharama hiyo haionekani nyumba ikishakamilika.

Reli ilifika Nairobi Mei 1899 na kusimama kwa sababu ya mteremko huuhuu: hapa palikuwa pa mwisho penye utambarare wa kutosha kabla ya kuipanda nchi ya Wakikuyu. Treni zilipangwa chini, na wakubwa wakajenga juu. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya aliyetumwa na serikali ya Uingereza, alikuja kuuchunguza mji uliokuwa umekwisha kupigwa na tauni, akapendekeza makazi yatenganishwe kwa rangi. Udongo mwekundu na hewa safi vikawa vya Wazungu. Waafrika wakasukumwa mashariki, kwenye tope. Nikisikia mtu akisema Eastlands ilijaa watu kwa bahati mbaya ya jiografia, huwa nakataa. Jiografia iliweka mteremko. Kugawa nani akae wapi ilikuwa kazi ya ofisi.

Adams Arcade, iliyojengwa miaka ya 1950, inavuruga ramani hiyo. Iko upande wa juu, jirani ya nyumba za Woodley zilizokusudiwa Wazungu, lakini mgongoni kwake ni Kibera, ambako askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles walipewa nafasi ya kukaa msituni mapema katika karne ya 20. Walikaa zaidi ya miaka mia bila hati. Mwaka 2017 ndipo walipokabidhiwa hati ya ekari 288, sehemu ndogo tu ya maelfu ya ekari yaliyokuwa yametengwa mwanzoni.

Sasa udongo mwekundu unafunikwa. Kilimani na kandokando ya Barabara ya Ngong, bustani zilizokuwa zikinyonya mvua zimekuwa maghorofa na maegesho yenye sakafu ngumu. Mvua ya masika bado inanyesha, lakini inayozama ni kidogo, nayo inayobaki inakimbilia bondeni. Motoine inaipeleka Nairobi Dam, bwawa la mwaka 1953 ambalo limezibwa na taka na magugu, na kutoka hapo mto Ngong unapita Mukuru. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipozoa nyumba Mukuru na Mathare, serikali iliwaamuru waliokuwa kando ya mito wahame, na matingatinga yakafuata. Waliobomolewa zaidi ni wa chini. Maegesho ya juu, ambako sehemu ya maji hayo ilianzia safari, hayakuguswa.