Usiing'oe Pampu ya ABS Kabla ya Kujua Kazi Yake

Taa ya njano ya ABS ikiwaka kwenye dashibodi na isizime, ushauri wa haraka unaosikika gereji ni huu: toa pampu, unganisha paipu moja kwa moja, gari litashika breki kama magari ya zamani. Bei yake ni ndogo na taa huzimwa kwa kuchomoa balbu. Gari litasimama, ni kweli. La kujiuliza ni litasimamaje siku mtoto atakapokatiza barabara na lami imelowa.

Pampu ya ABS ni lile bonge la alumini lenye mota ubavuni. Kwa kawaida huingia paipu mbili kutoka masta silinda na hutoka nne, moja kwa kila gurudumu. Ndani yake mna valvu zinazoendeshwa kwa umeme. Sensa zilizo karibu na beringi za magurudumu husoma mwendo wa kila tairi. Kompyuta ikiona tairi moja linakaribia kujifunga, hulizuilia mafuta ya breki, hupunguza presha, kisha huirudisha, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ndiyo maana pedeli hutetemeka mguuni. Bosch na Mercedes-Benz waliuingiza mfumo huu sokoni mwaka 1978, na lengo lake kuu halijabadilika: tairi liendelee kuzunguka ili usukani uendelee kutii. Tairi lililojifunga huserereka mbele tu, hata ukikata usukani mpaka mwisho.

Sasa tuje kwenye kazi ambayo wengi hawaijui. Unapokanyaga breki, uzito wa gari huhamia mbele na nyuma hubaki nyepesi. Breki za nyuma zikipewa presha sawa na za mbele, hujifunga kwanza na mkia wa gari huzunguka. Magari ya zamani yalikuwa na valvu ndogo ya kupunguza presha ya nyuma. Magari mengi ya baadaye hayana valvu hiyo, kwa sababu kazi yake ilikabidhiwa ABS kupitia mfumo wa kielektroniki wa kugawa breki, EBD. Kwa hiyo ukiitoa pampu hupati gari la zamani. Unapata gari ambalo halikuwahi kutengenezwa na kiwanda chochote: halina ABS wala ile valvu iliyokuwepo kabla yake. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hukata mita 22 kila sekunde. Mkia ukianza kuzunguka, dereva wa kawaida hana nafasi ya kuurudisha.

Hatari ya pili iko kwenye viungio. Masta silinda imegawanywa vyumba viwili ili upande mmoja ukivuja mwingine ubaki. Fundi akikusanya paipu zote kwenye kiungio kimoja, ameufuta mgawanyo huo, na paipu moja ikipasuka breki zote zimekwenda. Pia kwenye magari mengi ishara ya spidomita hupitia kompyuta ya ABS, na mfumo wa kuzuia gari kuyumba hutegemea pampu hiyo hiyo. Kuna magari ambayo kung'oa hakuwezekani kabisa. Toyota Prius za kuanzia mwaka 2003 huongozwa breki na kompyuta, na Land Cruiser nyingi za toleo la 100 hupata nguvu ya kusaidia mguu kutoka kwenye mtambo huo huo. Uingereza, gari lililotoka kiwandani na ABS kisha ikaondolewa hufeli ukaguzi wa mwaka.

Wapo wanaosema ABS haifai kwenye njia zetu za vumbi. Hoja hiyo ina ukweli wake: juu ya changarawe, tairi lililojifunga hurundika mawe mbele yake na linaweza kusimama mapema kuliko linalozungushwa na ABS. Lakini linasimama bila kufuata usukani, na gari hilo hilo kesho liko kwenye lami.

Kabla hujakubali lolote, dai gari lipimwe kwa mashine inayosoma kompyuta ya ABS yenyewe. Ile ya bei nafuu mara nyingi husoma injini tu. Mara nyingi kosa huwa dogo: sensa yenye tope, waya uliokatika karibu na gurudumu, beringi mpya iliyofungwa kinyume ikauficha upande wenye sumaku, fyuzi, au betri dhaifu. Taa ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida kwa kawaida zipo, kwa kuwa valvu zikikosa umeme huacha mafuta yapite. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, simamisha gari: huenda mgawanyo wa nyuma nao umekufa, au mafuta ya breki yamepungua.

Kuhamisha pampu ni habari nyingine. Anayeweka injini kubwa au turbo huenda akakosa nafasi, na hapo kuisogeza kunakubalika kwa masharti. Kila paipu iwekewe alama kabla ya kufunguliwa, kwa maana ukibadilisha ya kulia na ya kushoto, kompyuta itaachia tairi lisilohusika. Tumia paipu ya chuma au ya shaba yenye nikeli iliyotengenezwa kwa breki, ya unene ule ule, na ncha zikunjwe kwa mtindo wa gari lako: za Kijapani na za Ulaya nyingi hazifanani. Pampu ikae mbali na ekzosi, juu ya raba zake, ikielekea ilivyoelekea mwanzo. Baadhi ya pampu zina sensa ya kuyumba ndani yake na zikigeuzwa hutoa taarifa za uongo. Waya wa mota ukirefushwa usiwe mwembamba kuliko wa awali. Mwisho, upepo utolewe kwa mashine inayozifungua valvu za ndani. Kukanyaga pedeli tu huacha hewa humo. Jaza mafuta mapya ya DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyoagiza, kamwe si DOT 5, kisha jaribu breki kwenye uwanja mtupu.

Pampu ikifa kweli, nunua yenye namba ile ile ya kiwanda au peleka kompyuta yake ikatengenezwe. Na ukinunua gari la mkononi, washa swichi kabla ya kuwasha injini: taa ya ABS lazima iwake kwa sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, fungua boneti uangalie kama pampu ipo kabla hujatoa hela.