Ubia wa kiraia nchini Uingereza: je, mwanamume na mwanamke nao waruhusiwe?

Mwezi wa Oktoba 2014, Rebecca Steinfeld na Charles Keidan walifika katika ofisi ya usajili ya Chelsea, mjini London, wakitaka kuandikisha ubia wa kiraia. Walikataliwa, kwa sababu mmoja wao alikuwa mwanamke na mwingine mwanamume. Lau wangekuwa wanawake wawili au wanaume wawili, sheria ingewapa hiari ya kuchagua ndoa au ubia. Wao waliachiwa ndoa tu.

Ubia wa kiraia ni mapatano ya watu wawili yanayoandikishwa mbele ya ofisa wa serikali, na kuwapa karibu haki na wajibu wote wa wanandoa: kurithiana, kusamehewa kodi ya mirathi, kupata sehemu ya malipo ya uzeeni ya mwenzi aliyefariki, na kugawana mali kwa haki wanapoachana. Kiswahili hakina jina lililokwisha zoeleka kwa jambo hili. Neno “ubia” lina harufu ya duka na biashara, na huenda wengine wakalikataa kwa sababu hiyo. Hata hivyo lina sifa moja inayofaa sana hapa, nayo ni kwamba wabia wawili huitwa kwa jina moja, bila ya mmoja kuwa bwana wa mwenziwe.

Asili ya ubia huo ni maridhiano ya kisiasa. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria yake mwaka 2004, ikaanza kutumika Desemba 2005, ili watu wa jinsia moja wapate ulinzi wa sheria bila ya neno “ndoa” kuguswa. Nchi nyingine zilikuwa zimekwisha fuata njia tofauti. Uholanzi, tangu mwaka 1998, na Ufaransa, kwa sheria ya Novemba 1999, zilifungua mapatano ya namna hii kwa watu wote tangu mwanzo. Nchini Ufaransa wengi wa wanaoyatumia ni mwanamume na mwanamke, na mwaka 2022 yaliandikishwa mapatano zaidi ya 200,000. Uingereza ilichagua kuweka njia mbili, kila kundi na yake. Kisha sheria ya mwaka 2013 ikawapa watu wa jinsia moja ndoa pia, na ndoa za kwanza za namna hiyo zikafungwa Machi 2014 katika England na Wales. Ubia haukufutwa, wala haukufunguliwa kwa wengine. Hapo ndipo mizani ilipoinama.

Wapinzani wa Steinfeld na Keidan walikuwa na jibu jepesi: waende wakafunge ndoa ya serikali, isiyo na padri wala sala, kwani haki zake ni zile zile. Jibu hilo si la kupuuzwa. Majaji zaidi ya mmoja waliliona lina uzito. Lakini linachukulia kwamba ndoa ni furushi la haki tu, na kwamba jina na historia yake si kitu. Kwa sheria ya kale ya Waingereza, mwanamke aliyeolewa alimezwa na nafsi ya mumewe: hakuweza kumiliki mali kwa jina lake. Sheria ya mwaka 1882 ndiyo iliyomrudishia haki hiyo kikamilifu. Mpaka mwaka 1991, wakati mahakama ya juu ilipoamua kinyume, kanuni ya zamani ilikuwa ikidai kwamba mume hawezi kuwa na hatia ya kumbaka mkewe. Na hadi Mei 2021, cheti cha ndoa katika England na Wales kiliandika majina na kazi za baba wa maarusi, bila ya nafasi kwa mama zao. Katika hati ya ubia wa kiraia mama na baba waliandikwa wote wawili tangu mwanzo. Mtu anaweza kuyaita mambo haya madogo. Lakini cheti ni jambo ambalo watu hulitunza maisha yote, na mama asiyeandikwa ndani yake hujua kwamba hakuandikwa.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali ili kuifahamu hoja hii. Katika lugha sanifu mwanamume huoa, mwanamke huolewa: shina ni moja, ila mmoja ni mtenda na mwingine ni mtendwa, na anayesema kwamba mwanamke “ameoa” atachekwa au atadhaniwa kuwa amekusudia kejeli. Kauli ya kutendana, “kuoana”, ndiyo pekee inayowaweka wawili hao sawa. Kitenzi cha Kiingereza hakina tofauti hiyo. Urithi wake umejificha katika sheria na katika desturi za arusi, kama ile ya baba kumtembeza binti yake mpaka kwa bwana arusi na kumkabidhi. Steinfeld na Keidan walitaka, kwa maneno mengine, kuoana pasipo mmoja kuoa na mwingine kuolewa.

Walishindwa katika Mahakama Kuu Januari 2016, wakashindwa tena katika Mahakama ya Rufani Februari 2017, safari hii kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Serikali haikukana kwamba tofauti ipo. Ilisema kwamba inahitaji muda: idadi ya ubia mpya katika England na Wales ilikuwa imeporomoka kutoka 5,646 mwaka 2013 hadi 861 mwaka 2015, na labda ingefaa kuufuta kabisa kuliko kuupanua. Tarehe 27 Juni 2018 majaji watano wa Mahakama ya Juu waliikataa hoja hiyo kwa kauli moja. Jaji Kerr, aliyeandika hukumu, alionyesha kwamba serikali yenyewe ndiyo iliyoizaa tofauti hiyo mwaka 2013, ikijua inachofanya. Haiwezi basi kuomba subira ya kuendelea kubagua huku ikitafakari. Sheria ikatangazwa kuwa haipatani na Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu.

Yafaa ieleweke kwamba hukumu hiyo haikudai kila nchi iwe na ubia. Serikali ilibaki huru kuufuta. Kilichokatazwa ni kuuweka mlango na kuufunga kwa kuangalia jinsia ya anayebisha.

Ugomvi huu ungeweza kuonekana kuwa wa wasomi wawili wenye msimamo mkali, kama si hali ya watu wanaokaa kinyumba. Wakati huo katika Uingereza jozi zaidi ya milioni 3 ziliishi hivyo, na wengi wao waliamini kwamba miaka ya kukaa pamoja huzaa aina ya ndoa mbele ya sheria. Katika England na Wales imani hiyo ni ya uongo. Mwenzi akifa bila ya wasia, aliyebaki harithi chochote kwa sheria. Hubaki kwenda mahakamani kuomba riziki kutoka katika mirathi, hata kama wameishi miaka 30 na kulea watoto. Wapo kati yao wasioitaka ndoa kwa sababu ya historia yake, na wapo walioionja mara moja wakaapa kutoirudia. Kuwaambia watu hao “ndoa ipo” ni kuwaacha pale pale walipo.

Bunge lilipitisha sheria mpya mwaka 2019, na ubia wa kwanza wa mwanamume na mwanamke katika England na Wales ukaandikishwa tarehe 31 Desemba ya mwaka huo. Uskoti ilifuata mwaka 2021. Katika mwaka 2020 pekee, licha ya korona kufunga ofisi nyingi, jozi zaidi ya 7,000 za mwanamume na mwanamke zilijiandikisha England na Wales, ilhali za jinsia moja hazikufika 1,000. Steinfeld na Keidan walikuwa miongoni mwa waliotia sahihi siku ile ya kwanza, katika wilaya ile ile iliyowakataa, wakiwa tayari ni wazazi wa watoto wawili. Waliokwisha oana kabla ya hapo, kwa kukosa njia nyingine, hawakupewa ruhusa ya kuigeuza ndoa yao kuwa ubia.