Kwa nini umma ulimsamehe kocha wa pango la Tham Luang

MTU mzima anapowaongoza watoto wa wenyewe hadi mahali pa hatari, nayo hatari hiyo ikawafika, jamii haikawii kumtafuta wa kubebeshwa lawama. Ndiyo maana yaliyotokea kaskazini mwa Thailand mwaka wa 2018 yangali yanastahili kuelezwa.

Mnamo Juni 23 mwaka huo, wavulana 12 wa timu ya soka ya Wild Boars, wenye umri wa kati ya miaka 11 na 16, waliingia katika pango la Tham Luang, mkoani Chiang Rai, wakiwa na kocha wao msaidizi, Ekkapol Chantawong, aliyekuwa na miaka 25. Mvua ilinyesha, maji yakafurika na kuwazibia njia. Wapiga mbizi wawili Waingereza, Rick Stanton na John Volanthen, waliwapata Julai 2, takriban kilomita nne kutoka mlangoni, wakiwa hai.

Lawama zilikuwa zimekwisha kuanza. Penye mlango wa pango palikuwa na bango la kuwaonya wageni wasiingie wakati wa mvua, na wapo waliotaka kocha achukuliwe hatua za kisheria. Waliomtetea walilisoma bango lilo hilo kwa namna nyingine: lilitaja miezi ya Julai hadi Novemba, ilhali vijana waliingia Juni.

Mjadala huo ulikatwa na wazazi. Katika barua zilizopelekwa na wapiga mbizi, walimweleza kocha kwamba hawamlaumu na wakamsihi asijilaumu. Naye aliwaandikia akiomba radhi na kuahidi kuwatunza watoto kadiri ya uwezo wake. Wenye watoto walipokwisha kunena hivyo, jirani angepata wapi ujasiri wa kudai adhabu?

Aidha, historia ya kijana huyo ilijulikana. Alikuwa yatima aliyeishi miaka kadhaa katika makao ya watawa wa Kibudha, na humo gizani aliwafundisha wavulana kutulia na kutafakari ili wasimalize nguvu zao. Wengi walianza kumwona kama mlezi wao, si mkosaji.

Moyo huo ulionekana nje ya pango pia. Maji yaliyovutwa kwa pampu yalifurika katika mashamba ya mpunga, na baadhi ya wakulima walikataa fidia ya serikali. Wengine walijitolea kuwapikia waokoaji na kuwafulia nguo.

Hata hivyo, tusidhani kwamba hofu ya lawama ilikuwa imekwisha. Daktari Richard Harris wa Australia alipokubali kuwalaza wavulana kwa dawa ya usingizi ili wapitishwe majini bila kutaharuki, yeye na mwenzake Craig Challen walipewa kinga ya kidiplomasia, endapo mtoto angefia mikononi mwao. Umma uliambiwa tu kwamba watoto walipewa dawa ya kuwatuliza.

Wala msamaha huo haukuwa rahisi. Julai 6, Saman Kunan, aliyewahi kuwa mwanajeshi wa majini, alifariki akitoka kupeleka mitungi ya hewa pangoni. Siku moja kabla, mashua ya watalii ilizama karibu na kisiwa cha Phuket, katika nchi hiyo hiyo, na watu 47 wakafa. Walimwengu waliendelea kukodolea macho Tham Luang. Sisi tunaopanga kurasa za magazeti twaijua sababu, ingawa si ya kujivunia: maiti 47 ni habari iliyokwisha, ilhali watoto walio hai mashakani ni habari ya kesho pia.

Wote 13 walitolewa kati ya Julai 8 na 10. Ndipo wengi walipotanabahi kwamba kocha na wavulana watatu hawakuwa na uraia wa nchi yoyote. Mnamo Agosti 2018 walipewa uraia wa Thailand.

Kabla ya hapo, mwishoni mwa Julai, kocha aliingia utawa na wavulana 11 wakawa watawa wanafunzi kwa siku chache, kwa heshima ya Saman. Wa 12 hakujiunga nao kwa sababu ni Mkristo.