Mpeleke mtoto akaonane na daktari wa ng'ombe

Wazazi wengi wa mjini wana mazoea ya kumtisha mtoto kwa mbwa: "Usipolala nitamwita mbwa!" Matokeo yake ni mtoto ambaye akimwona mbwa hutimua mbio, na mbwa kwa maumbile yake humfukuza anayekimbia. Ndiyo sababu nikiulizwa watoto wapelekwe wapi Jumamosi badala ya kushinda mbele ya televisheni, jibu langu huwashangaza wengi. Wapelekeni katika chuo cha udaktari wa mifugo, siku kinapowafungulia wananchi milango.

Siku kama hiyo inayosifika sana ni ile ya Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, Marekani. Kwa kawaida hufanyika mwezi wa Aprili, huendeshwa na wanafunzi wenyewe, na kiingilio ni bure. Watoto hubeba dubu wao wa kuchezea waliochanika, nao wanafunzi huwashona dubu hao kana kwamba ni wagonjwa wa kweli. Yupo pia ng'ombe aliyewekewa tundu lenye kizibo ubavuni. Mtoto huvaa glavu ndefu na kutia mkono tumboni apapase nyasi zinazosagwa. (Ng'ombe mwenyewe haumii; huendelea kucheua tu.)

Msomaji atauliza, daktari wa binadamu ana shughuli gani na ng'ombe? Anayo, tena kubwa. Ni papa hapa kwetu Kabete, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi hufunzia madaktari wa mifugo, ambapo wataalamu wa maabara ya mifugo waliitambua Homa ya Bonde la Ufa na kuitangaza mwaka wa 1931, baada ya wana-kondoo kufa kwa wingi karibu na Ziwa Naivasha. Mlipuko wa 2006 na 2007 wa homa hiyo uliua zaidi ya watu 150 nchini Kenya.

Hata hivyo, ugonjwa unaoninyima usingizi ni kichaa cha mbwa. Dalili zikishajitokeza, yaani kuogopa maji, kuweweseka na kupooza, karibu hakuna anayepona. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, uso wake uko karibu na mdomo wa mbwa. Tena aghalabu huficha jeraha dogo kwa kuogopa kuchapwa.

Mwombeni daktari wa mifugo awaonyeshe watoto namna ya kusimama mbwa asiyemjua anapowakaribia: tuli kama mti, mikono ubavuni, bila kumkodolea macho. Mbwa anayekula au anayenyonyesha hachezewi. Na akiuma, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitalini siku iyo hiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima. Nimepokea watoto waliopakwa pilipili, majivu, hata mafuta ya taa. Hayo yote hayaui virusi, bali hupoteza saa. Wanaoogopa sindano za tumboni wajue kwamba zimeshapitwa na wakati. Siku hizi chanjo hudungwa mkononi.

Sharti moja nalitilia mkazo. Mwaka wa 2009, katika shamba la Godstone nchini Uingereza, ambako familia zilizoea kwenda kushikashika wanyama, watu 93, wengi wao watoto, waliambukizwa bakteria hatari aina ya E. koli, na baadhi yao wakaharibika figo. Kwa hivyo chakula kibaki mkobani, mtoto asinyonye kidole, na kila mmoja anawe kwa sabuni na maji kabla ya kutia chochote mdomoni. Dawa ya kupaka mikononi haitoshi palipo na samadi. Mama mjamzito asikaribie kondoo au mbuzi wanaozaa.

Kama nyumbani mna mbwa, chukueni kadi yake ya chanjo siku hiyo. Mwulizeni daktari ni lini anatakiwa kuchanjwa tena, kisha mwandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani.