Fahamu: Askari wa zamani wa Marekani anapofikwa na dhiki ya nafsi

Askari aliyerejea vitani salama wa viungo, lakini usiku akazinduka kwa jinamizi na mchana akashtushwa na mlango uliobamizwa, maradhi yake hayakupata jina linalotumika leo mpaka mwaka 1980, miaka mitano baada ya vita vya Vietnam kwisha. Siku hizi, akizidiwa na fikra za kujiua, yeye au ahali zake hupiga simu 988 kisha hubonyeza 1, saa yoyote. Na tangu Januari 2023 ana haki ya tiba ya dharura bila malipo, hata katika hospitali isiyo ya serikali, hadi siku 30 akilazwa na 90 akitokea nyumbani. Waliofukuzwa jeshini kwa fedheha, kwa kawaida, hawamo. Nami naona ni dhuluma, kwani utovu huo wa nidhamu mara nyingine ulikuwa ndiyo dalili ya kwanza ya maradhi yenyewe.