Nasaba ya Papa Mkubwa wa Kale

Yeyote aliyewahi kumpasua papa anajua kwamba samaki huyu hana mifupa migumu. Kiunzi chake ni gegedu, nayo huoza upesi. Meno ndiyo hudumu, tena ni mengi, maana kila yanapong'oka mengine huota. Ndiyo sababu megalodoni, papa mkubwa kuliko wote wanaojulikana, ametufikia kwa meno na pingili chache za uti wa mgongo. Kwa ushahidi huo haba wataalamu wametakiwa kuamua: huyu ni wa ukoo gani?

Zamani watu wa Ulaya waliyadhania meno hayo kuwa ni ndimi za majoka zilizogeuka mawe. Mwaka 1666 kichwa cha papa aliyevuliwa karibu na Livorno, Italia, kilipelekwa Florence kwa tabibu Nicolaus Steno. Aliyalinganisha meno ya kichwa kile na yale mawe, na mwaka 1667 akaandika kwamba mawe hayo ni meno ya papa wa kale.

Baadaye Louis Agassiz, mwanachuoni wa Uswisi, alimpa samaki huyo jina rasmi katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1843. Aliona jino la pembe tatu lenye ukingo wa msumeno, mfano wa jino la papa mweupe wa leo, ila kubwa mno. Mengine huzidi sentimita 17. Akamweka katika jenasi moja na papa mweupe, akamwita Carcharodon megalodon, yaani mwenye jino kubwa. Tangu hapo wachoraji wakawa wanamchora kama papa mweupe aliyekuzwa.

Hata hivyo, kufanana kwa sura si hoja ya kutosha katika nasaba. Meno yalipopangwa kwa umri wa miamba yaliyomo, ilidhihiri silsila nyingine. Zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita aliishi papa aitwaye Otodus, mwenye meno ya ukingo laini na vijino viwili ubavuni. Katika vizazi vyake msumeno ulizuka kidogo kidogo, vijino vikafifia, hadi akapatikana megalodoni.

Papa mweupe naye ana njia yake. Mwaka 2012 wataalamu walimpa jina Carcharodon hubbelli papa wa kale kutoka Peru, aliyepatikana na taya lenye meno 222. Msumeno wa meno yake ni hafifu, naye yuko kati ya papa wa kale wenye meno laini, jamaa za papa mako, na papa mweupe wa sasa. Basi koo mbili ziliufikia msumeno kila moja kwa njia yake, maana zote ziliwinda wanyama wenye nyama nene, kama nyangumi. Leo wataalamu wengi humwita Otodus megalodon, wa familia ya Otodontidae. Papa mweupe ni wa Lamnidae. Undugu wao ni wa mbali, katika oda ya Lamniformes.

Kubadilishwa kwa jina hilo kumebadilisha na sura ya mnyama mwenyewe. Maadamu si papa mweupe, hakuna sababu ya kumkisia kwa umbo la papa mweupe. Mwaka 2024 watafiti waliochunguza upya uti wa mgongo uliohifadhiwa Ubelgiji walieleza kwamba yamkini alikuwa mwembamba na mrefu kuliko alivyochorwa. Megalodoni alitoweka takriban miaka milioni 3.6 iliyopita, papa mweupe angali baharini. Anayetaka kujua kwa nini mmoja alikwisha na mwingine akasalia hana budi kwanza kuwatambua kwa koo zao.