Mbona Kondoo Hukonda na Tumbo Limejaa?

Wakati wa kiangazi kondoo huweza kushinda malishoni, akarudi zizini na tumbo lililojaa, na hata hivyo akazidi kukonda. Sababu yake imo katika tumbo lenyewe.

Tumbo la kondoo lina vyumba vinne. Katika kile cha kwanza, kilicho kikubwa kuliko vyote, huishi bakteria na vijidudu wengine wasiohesabika. Hao ndio wanaovunja selulosi ya nyasi na kuigeuza kuwa asidi zinazompa mnyama nguvu, kwani yeye mwenyewe hana kimeng'enya cha kuivunja. Basi, kumlisha kondoo ni kuwalisha kwanza vijidudu hao.

Nyasi changa ni laini na zina protini ya kutosha. Zikomaapo, protini hupungua, na lignini huongezeka ikaikinga selulosi. Protini ghafi ikishuka chini ya asilimia 7 hivi ya malisho makavu, vijidudu hukosa naitrojeni, wakadhoofika. Nyasi hukawia tumboni, na kondoo hula kidogo zaidi kila siku.

Mfugaji afanyeje? Nyasi za akiba na azikate zinapoanza kuchanua. Tena aongeze majani ya mimea ya jamii ya kunde, kama lukina, yenye protini ipatayo asilimia 20 au zaidi. Lakini lukina ina mimosini, sumu iwezayo kumpukutisha kondoo manyoya. Kwa hiyo isizidi theluthi moja ya malisho.

Kujaza tumbo si kulisha.